Kioo cha Pembeni Kilichopoteza Joto: Tuufuate Umeme Kabla ya Kufungua Mkoba

Katika gari mna vitu ambavyo mwenyewe huvikumbuka kila siku, na mna vingine ambavyo hukaa kimya mpaka siku vinapohitajiwa. Breki hukumbukwa kila mguu unapokanyaga, na mafuta hukumbukwa kila mshale unaposhuka. Ama joto la vioo vya pembeni, sisi wakaazi wa pwani twaweza kuishi nalo miaka mitatu tusiliwashe hata mara moja. Mombasa haina theluji wala Malindi haina barafu, na kitufe chake hubaki kwenye dashibodi kama mgeni asiyejulikana amekuja kwa nani.

Kisha hufika siku ya kumpeleka mtoto shule ya bara. Gari huondoka Nairobi kabla ya alfajiri na kupanda Limuru, penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, ukungu umeshuka hadi barabarani na manyunyu hayakatiki. Dereva ataka kujua kama lori lililo nyuma yake li mbali au li karibu. Atazama kioo cha pembeni, asione ila weupe. Hubonyeza kitufe, hungoja, na weupe uko pale pale. Wakati huo ndipo ijulikanapo kuwa kitu hicho kilikufa zamani bila ya mtu kupata habari.

Hatari yake si ndogo. Mwenye kubadilisha njia au kulipita lori bila ya kuona yaliyo ubavuni mwake huwa ameitia aila yake katika bahati nasibu. Kwa sababu hiyo twaona yafaa kueleza, hatua kwa hatua, namna ya kulichunguza joto la vioo lililokoma. Na shina la maneno yetu yote ni moja: kifaa kisihukumiwe kuwa kimekufa mpaka umeme ufuatwe njia yake yote, ijulikane umekomea wapi. Wako wanaonunua kioo kizima kwa maelfu ya shilingi, ilhali ugonjwa ulikuwa fyuzi moja ndogo, au waya uliokatika mlangoni.

Joto hutoka wapi

Nyuma ya kioo cha aina hii mmebandikwa utando mwembamba wenye njia za madini, nao ndio kipasha joto. Utando huo una ncha mbili za bati, na kila ncha huvishwa waya: mmoja huleta umeme, na wa pili huurudisha kwenye bodi ya gari, ambayo imeungwa na ncha hasi ya betri. Umeme ukipita katika njia zile nyembamba hukutana na upinzani, na upinzani huzaa joto, kama ilivyo katika pasi ya umeme.

Kipimo chake, hata hivyo, ni kidogo. Betri ya gari dogo ni ya volti 12. Tukichukua mfano wa kipasha joto chenye upinzani wa omu 8, kitavuta ampea 1.5, na nguvu yake itakuwa wati 18 tu. Hesabu hii ni ile aliyoibainisha mwalimu wa Kijerumani, Georg Simon Ohm, mwaka 1827, na mpaka leo hakuna fundi wa umeme wa magari asiyeitegemea. Wati 18 hutosha kukausha umande na ukungu kwa dakika chache. Hazitoshi kushindana na mvua ya masika. Asidhani basi mtu kuwa kioo chake ni kibovu kwa kuwa hakikukauka katikati ya gharika.

Kabla ya umeme kukifikia kioo hupita vituo kadhaa. Hutoka kwenye betri, hupita kwenye fyuzi na rilei, huingia mlangoni kwa nyaya, hufika kwenye soketi, kisha kwenye zile ncha mbili. Rilei ni swichi inayoamrishwa na kitufe: kitufe hubeba umeme mdogo wa amri, na rilei hupitisha ule mkubwa wa kazi. Katika magari mengi kitufe cha vioo vya pembeni ndicho hicho hicho cha kioo kikubwa cha nyuma, chenye alama ya umbo la kioo na mistari mitatu iliyopinda kuelekea juu. Magari mengi pia hulizima joto yenyewe baada ya muda, aghalabu baina ya dakika 10 na 20, na mengine hayalikubali mpaka injini iwe yanguruma. Hizo si kasoro. Ndivyo yalivyoundwa ili betri isimalizwe.

Je, joto lilikuwapo tangu mwanzo?

Swali hili laweza kuonekana la ajabu, lakini ndilo la kwanza. Magari mengi tunayoyaendesha yalitumika Japani kabla ya kushushwa bandarini Mombasa, kwani nchi yetu huruhusu magari yaliyotumika maadamu hayajazidi umri wa miaka 8. Na Japani haina hali moja ya hewa. Hokkaido, kaskazini, hujaa theluji wakati wa baridi. Okinawa, kusini, haina haja hiyo. Watengenezaji wa huko huuza magari yaliyoongezewa vifaa vya sehemu za baridi, na joto la vioo huwa miongoni mwa vifaa hivyo. Kwa hivyo magari mawili ya jina moja, mwaka mmoja na rangi moja, moja laweza kuwa nalo na jingine lisiwe nalo. Kuwapo kwa kitufe cha kioo cha nyuma si ushahidi. Ushahidi ni alama ya joto iliyochorwa pembeni mwa kioo chenyewe katika baadhi ya magari, au maelezo ya kitabu cha gari, au zile ncha mbili za bati nyuma ya kioo.

Iko sababu ya pili ya kuuliza. Vioo vya pembeni vimekuwa windo la wezi katika miji yetu. Kioo kikishaibwa, mwenye gari aliye na haraka hukatiwa kioo cha kawaida, kikagundishwa pale pale, na nyaya mbili zikaachwa zikining'inia ndani ya kikombe cha plastiki. Gari huuzwa, mnunuzi hubonyeza kitufe, na hakuna kinachotokea. Hapo hakuna kilichoharibika. Kilichokuwapo kiliondoka na mwizi.

Majaribio yasiyotaka chombo

Jaribio la kwanza lifanywe usiku, au asubuhi na mapema kivulini, kwa sababu jua la pwani hukipasha kioo moto likatudanganya. Washa injini, nyunyizia vioo vyote viwili maji kidogo, ubonyeze kitufe na ungoje dakika tano. Kisha gusa kila kioo kwa mgongo wa kidole. Kilicho kizima huwa na uvuguvugu, na matone yake huanza kupungua. Kishike pia kioo kikubwa cha nyuma. Dalili zitakazoonekana zitatuonyesha tuanzie wapi.

Ikiwa vioo vyote vitatu ni baridi, ugonjwa uko mahali ambapo njia yao ni moja: fyuzi, rilei au kitufe. Ikiwa kioo cha nyuma chapata joto na vya pembeni vyote viwili havipati, itazamwe fyuzi ya vioo vya pembeni, kwani magari mengi huwa nayo peke yake. Ikiwa kimoja cha pembeni chapata joto na mwenzake hakipati, fyuzi na rilei aghalabu ni nzima, na msako uhamie kwenye mlango wa upande ule na kioo chake. Na ikiwa kioo chakauka nusu tu na nusu ya pili hubaki na ukungu, utando wake umekatika mahali au umebanduka nyuma.

Fyuzi isidharauliwe wala isidanganywe

Kitabu cha gari, au mchoro ulio kwenye kifuniko cha boksi la fyuzi, huonyesha ipi ni ya joto la vioo. Zima gari, ichomoe, uitazame kwenye mwanga. Uzi wake ukiwa umekatika, weka nyingine yenye namba ile ile ya ampea. Iliyoandikwa 10 isirithiwe na 20, wala mahali pake pasitiwe waya wala karatasi ya sigara. Fyuzi imewekwa ife ili gari lisiungue. Anayeizuia isife huwa ameuchagua moto.

Na fyuzi mpya ikikatika tena, isiwekwe ya tatu. Hiyo ni habari kuwa waya umechubuka na unagusa chuma mahali fulani. Hapo atafutwe fundi, na atafute mchubuko.

Rilei hujaribiwa kwa njia nyepesi. Sikiliza kama yatoa mlio mdogo kitufe kinapobonyezwa. Kama katika boksi lile iko rilei nyingine ya umbo na namba ile ile inayofanya kazi nyingine, zibadilishane mahali kwa dakika moja. Joto likirudi, mgonjwa amejulikana.

Mlango unaofunguliwa kila siku

Sehemu ambayo wengi huisahau ni pale nyaya zinapotoka kwenye bodi kuingia mlangoni. Hupita ndani ya mrija wa mpira wenye makunyanzi karibu na bawaba. Kila mlango unapofunguliwa nyaya hukunjuka, na kila unapofungwa hukunjika. Baada ya miaka mingi shaba ya ndani hukatika hali ngozi ya nje ni nzima, na jicho haliwezi kuuona ugonjwa. Mlango wa dereva ndio uchokao zaidi, kwa kuwa ndio ufunguliwao zaidi.

Dalili zake zajulikana. Joto huja mlango ukiwa mahali fulani na kupotea ukisogezwa. Mara nyingine dirisha la umeme au kufuli ya mlango huo nayo huanza usumbufu. Mtu mmoja awashe joto, na mwingine auchezeshe mlango taratibu huku testa ya taa ikiwa kwenye nyaya za kioo. Taa ikipepesa, pamepatikana. Waya uliokatika hapo haufai kusokotwa tu na kuzungushiwa tepu nyeusi, kwani utakatika tena kabla ya mwaka kwisha. Yafaa kuungwa kipande kipya cha waya laini wenye unene ule ule, maungo yachomelewe kwa risasi na kufunikwa vizuri, nayo yakae nje ya sehemu inayokunjika. Nasaha moja hapa: soketi za rangi ya manjano aghalabu ni za mifuko ya hewa ya usalama. Zisiguswe na testa.

Nyuma ya kioo

Ikiwa yote hayo ni mazima, hubaki kioo chenyewe. Vioo vingi vimeshikwa kwa vibanio vya plastiki. Kikombe hukandamizwa kioo upande mmoja ili upande wa pili uinuke, kisha kipande cha plastiki hupenyezwa nyuma, na vibanio huachia kimoja kimoja. Magari hayafanani, basi kitabu au fundi aliyewahi kulifungua gari la aina ile aulizwe kwanza. Mikono ivae glavu na macho yalindwe. Plastiki iliyochomwa na jua letu kwa miaka hukauka na kuvunjika upesi, kwa hivyo nguvu ziwekwe mbali. Kioo kikiachia kisivutwe ghafula: nyaya bado zimekishika, na ncha ya bati iking'oka kwenye utando ni vigumu kuirudisha.

Hapo mwenyeji wa pwani atazame kwanza rangi ya zile ncha. Hewa yetu ina chumvi, na maji ya mashine ya kuoshea magari huingia kwenye kikombe kwa nguvu. Ncha zikiwa na unga wa kijani au weupe, umeme haupiti vizuri. Zichomolewe joto likiwa limezimwa, zisafishwe kwa dawa ya kusafishia viungo vya umeme na brashi laini, zikazwe kidogo kwa koleo kama zimelegea, kisha zipakwe grisi ya umeme kidogo. Mara nyingi ugonjwa huishia hapo, na gharama yake ni chupa ya dawa.

Kama haukuishia hapo, tuulize umeme wenyewe. Kioo kikiwa kimechomolewa nyaya zake na joto limewashwa, fundi ashike testa ya taa ya uzi, yaani balbu ya kawaida. Aifunge kwanza kwenye chuma safi cha bodi na kugusa waya mmoja baada ya mwingine. Usipoiwasha hata mmoja, umeme haukufika, na msako urudi nyuma. Mmoja ukiiwasha, umeme umefika. Sasa aiweke testa baina ya nyaya mbili zenyewe. Ikizimika hapo, waya wa kurudisha ndio uliokatika. Ikiwaka vizuri, njia yote ni nzima na mgonjwa ni kioo.

Twapendelea taa kuliko mita peke yake kwa sababu moja. Waya uliobakiwa na uzi mmoja wa shaba waweza kuonyesha volti 12 kwenye mita, kwa kuwa mita haivuti umeme wa kutosha kuutahini. Ukiambiwa ubebe mzigo wa kipasha joto, hushindwa. Balbu huuvuta, nao udhaifu hudhihirika kwa mwanga hafifu. Ama mita, kazi yake nzuri ni kupima upinzani wa kioo kilichotolewa, baina ya ncha zake mbili. Ikionyesha omu chache, utando ungali hai. Ikionyesha kuwa hakuna njia kabisa, utando umekatika, na sasa ndipo mkoba waweza kufunguliwa kwa haki.

Kununua kwa macho mawili

Mnunuzi aende dukani na kioo chake cha zamani mkononi. Ahakikishe kuwa kipya ni cha upande ule ule na mbinuko ule ule, na kwamba nyuma yake mna ncha mbili za bati zinazolingana na nyaya zake. Kisha amwambie muuzaji kwa upole, "Kaka, nipimie kwanza." Mita huchukua nusu dakika, na muuzaji mwaminifu hatachukia. Zinauzwa pia tando za joto za kubandika nyuma ya kioo, nazo zafaa ikiwa kioo kizima kizuri na utando ndio uliokufa. Ama kioo kinachobandikwa juu ya kile cha zamani kwa gundi, joto lake hupungua sana, maana lalazimika kupita tabaka mbili.

Na kioo kinachouzwa barabarani kwa bei isiyoelezeka, kikiwa na mikwaruzo ya kung'olewa kwa nguvu, chatakiwa kuulizwa asili yake. Sheria ya Kenya huhesabu kupokea mali ya wizi, kwa anayejua au aliye na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi, kuwa ni kosa la jinai. Kabla ya sheria pia iko dhamira: kioo hicho huenda kiling'olewa jana kwenye gari la jirani, na soko likikosa wanunuzi mwizi hukosa kazi.

Kwa kuhofia wizi huo, wengi huvipiga vioo vyao ribiti. Hatuwalaumu, lakini fundi aambiwe kuwa kioo kina joto, ili asitoboe waya wala asiubane. Kuchonga namba ya gari kwenye uso wa kioo ni njia isiyougusa utando, maana utando uko nyuma.

Jambo la mwisho la kutahadhari ni tiba ya mkato. Wako watakaokuambia joto liungwe moja kwa moja na betri, bila ya rilei wala fyuzi. Litawaka, ni kweli. Litawaka pia usiku gari likiwa limeegeshwa, na asubuhi betri itakuwa tupu. Na siku waya utakapochubuka, hakutakuwa na fyuzi ya kuukata moto.

Kwa fundi yeyote tutakayemwendea, swali la kumwuliza ni hili: "Fundi, nionyeshe umeme umefika wapi na umekomea wapi." Anayeijua kazi yake ataitoa testa na kutuonyesha. Anayejibu kwa kutaja bei ya kioo kabla ya kufungua boksi la fyuzi, tumshukuru na tuende kwa mwingine. Na kwa kuwa kifaa hiki huharibika kimya kimya, kitufe na kibonyezwe mara moja kila mwezi, na tena juma moja kabla ya safari ya bara. Kidole kwenye kioo kwa dakika tano hakigharimu chochote, na fundi hupatikana kwa urahisi zaidi nyumbani kuliko Timboroa usiku.